Kioo Kinachoelea

Lenzi niliinunua Kibuye, mtumba,
kwa mwanamume aliyeihifadhi ndani ya soksi.
Ubavuni ina swichi ndogo kama punje ya mtama.
Ukiisukuma juu, kitu kinaamka ndani, kinavuma
kama nyuki aliyefungiwa kwenye kiberiti.
Ni kipande cha kioo, alinieleza, kinaelea.
Mkono ukienda kushoto, chenyewe huenda kulia,
upana wa unywele, nusu ya unywele,
na picha haijui kwamba palikuwa na mkono.

Baba hakuwa na swichi.
Alikuwa na Zenit nzito kama jiwe la kusagia
na filamu ya picha thelathini na sita.
Alinifundisha pale Mbale, nyuma ya posta:
viwiko mbavuni, mguu mmoja mbele,
toa pumzi nusu, nusu iliyobaki ishike,
kisha bonyeza kama unayemgusa mtoto aliyelala.
Picha ikitikisika, mteja alirudishiwa pesa.
Bibi harusi mmoja wa Chavakali alitoka na nyuso mbili;
baba alilipa kuku watatu
na miezi miwili ya kuchekwa sokoni.

Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kuzungumza peke yake.
Kwanza kidole gumba juu ya cha shahada,
kama anayehesabu noti zisizokuwepo.
Daktari wa Kakamega aliupa ugonjwa jina refu.
Nyumbani hatukuuita kitu.

Nikampa kamera yangu, swichi juu.
Ilikuwa kanisani, Jumapili ya mavuno, taa mbovu,
sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde,
kasi ambayo hata mkono mzima huitia ukungu.
Alimpiga picha Kasandi akisubiri na mkungu wake wa ndizi
huku mnadi akipandisha bei.
Tukatazama pamoja:
kila uzi wa kitambaa cha Kasandi ulisimama mahali pake.
Mkono wa mnadi tu ndio uliokuwa moshi,
maana lenzi humtuliza anayetazama,
anayetazamwa haimwezi.
Baba akasema, "Imenisitiri."
Akanirudishia kamera upesi, kama mtu aliyeazimwa koti
akakuta linamwenea.

Jambo hili niliona baadaye, na nilichelewa.
Mama alikuwa akimshikia baba chai.
Kikombe cha bati mkononi mwa baba,
kiganja cha mama chini ya kikombe.
Baba akienda kushoto, mama alikwenda kulia.
Wala hakutazama. Alikuwa akisimulia bei ya sukari,
ng'ombe wa Kisia aliyekataa maji,
nani kamkatia nani mti wa mpakani,
na chai imetulia kikombeni
kama chai ya mtu mwingine.
Miaka sita. Hakuna aliyemuuliza anafanyaje.

Yule wa Kibuye alinionya, akihesabu pesa zangu:
ukiiweka kamera kwenye miguu mitatu, zima.
Kioo hiki hakijui kukaa bure.
Kitautafuta mtikisiko usiokuwepo
na kwa kuutafuta kitauzua.

Tulimzika baba Agosti, mvua ya alasiri.
Siku ya nne viti vya kukodi vilikuwa vimerudi kwa wenyewe.
Nikasimamisha miguu mitatu barazani,
nimpige mama picha ya fomu ya mirathi.
Swichi chini. Nilihakikisha mara mbili.
Fomu ilitaka uso tu, mandhari meupe,
lakini mama alikuwa na kikombe na hakutaka kukiweka,
cha bati, ameshika mpini kwa mkono mmoja,
kiganja cha pili chini yake.

Hapakuwa na upepo.
Shuka jeupe nyuma yake halikusogea.
Kiganja kikaenda kulia, kikarudi,
kikaenda tena kulia,
na chai ikaanza kumwagika
juu ya leso, juu ya goti, taratibu,
naye akinitazama wima, tayari kwa picha.

Nikaweka kidole juu ya kitufe.
Nikatoa pumzi nusu.